UZI: Ons Jabeur, fainali tatu, na viwanja vya hoteli zetu hapa Malindi

Mtunza Kiwanja

Assalaam aleikum wanabaraza, na salamu kwa wote wasomao.

Tangu Ons Jabeur, mchezaji tenisi wa Tunisia, atangaze mwishoni mwa 2025 kwamba anatarajia mtoto, kila ninapokaa kwenye kahawa hapa Malindi nasikia hukumu ile ile: "Huyo si ndiye aliyeshindwa fainali zote?" Wengi wanaosema hivyo ni watu wa kandanda. Tenisi wanaiona Julai tu, Wimbledon inapoonyeshwa, na sina ugomvi nao. Lakini hukumu yenyewe siikubali, tena inaniuma, kwa sababu kazi yangu ni kutunza uwanja wa tenisi na kufundisha watoto kushika raketi, na katika wachezaji wa zama hizi hakuna niliyemfuata kwa moyo kama yeye. Nitaandika kirefu. Mwenye nafasi anisikilize.

Fainali zenyewe kwanza, maana ndizo zinazotajwa: tatu za mashindano makuu, yaani yale manne makubwa kuliko yote, Australia, Roland Garros ya Paris, Wimbledon na US Open. Julai 2022, Wimbledon, alishinda seti ya kwanza 6-3 dhidi ya Elena Rybakina wa Kazakhstan, kisha akapoteza mbili, 2-6 na 2-6. Katika seti ya tatu Rybakina akiongoza 3-2, na yeye ndiye anayeanzisha mpira, Ons alifika 0-40, nafasi tatu mfululizo za kumpokonya gemu hiyo. Pointi moja tu kati ya zile tatu ingewaweka 3-3. Hakuipata. Septemba mwaka huo huo, US Open, Iga Świątek akamfunga 6-2, 7-6. Julai 2023 akarudi Wimbledon, akawatoa Petra Kvitová, Rybakina yule yule na Aryna Sabalenka, wote watu waliokwisha kubeba makombe makubwa. Kwenye fainali akakutana na Markéta Vondroušová wa Ucheki, aliyekuwa nafasi ya 42 duniani. Aliongoza 4-2 seti ya kwanza, akaongoza 3-1 seti ya pili, na bado akafungwa 6-4, 6-4. Alilia mbele ya dunia nzima, akasema hicho ndicho kipigo kilichomuuma kuliko vyote tangu aanze kucheza.

Hapo ndipo watu wanapofunga daftari. Mimi nataka tulifungue kurasa za mwanzo.

Ons alizaliwa 1994 Ksar Hellal, Tunisia, akakulia upande wa Sousse, mji wa pwani unaoishi kwa watalii. Mama yake ndiye aliyempeleka uwanjani akiwa na miaka 3. Alipojiunga na klabu ya Hammam Sousse, klabu hiyo haikuwa na viwanja vyake yenyewe. Watoto walifanya mazoezi kwenye viwanja vya hoteli za jirani.

Someni tena hapo, ndugu zangu. Mji wa pwani, hoteli za wageni, watoto wa mji wanacheza kwenye viwanja vya hoteli. Mwenye kuijua barabara ya Casuarina hahitaji maelezo. Viwanja vya tenisi Malindi vipo, nyuma ya kuta na mivinje, na mtoto wa Barani au Kisumu Ndogo anaweza kukua hadi aoe bila kukanyaga hata kimoja, labda awe ameajiriwa kuokota mipira. Huko Sousse mlango ulifunguliwa. Tofauti ya mwanzo ni hiyo, na ndiyo iliyonifanya nimpende binti huyu kabla hata hajashinda kitu.

Akiwa na miaka 12 alihamia Tunis, kwenye shule ya michezo. 2010 alifika fainali ya wasichana Roland Garros akafungwa na Elina Svitolina wa Ukraine. 2011 akarudi pale pale akalichukua kombe, akimfunga Monica Puig wa Puerto Rico. Alikuwa na miaka 16. Kwao walishangilia kama tulivyoshangilia sisi mambo mengi yaliyoanza vizuri.

Kisha ikaja miaka ambayo haionyeshwi na televisheni yoyote.

Mchezaji wa tenisi hana mshahara. Hana timu inayomlipia tiketi. Nauli yake, chakula chake, kocha wake, nyuzi za raketi zake, vyote vinatoka mfukoni mwake au kwa mfadhili akimpata. Mashindano madogo ya daraja la chini hulipa fedha ambazo, ukitolewa raundi ya kwanza, hazirudishi hata nauli. Na pointi unazopata zinaishi wiki 52 tu. Mwaka ukizunguka, wiki ile ile, zinafutwa, na usipozipata upya unashuka. Kwa hiyo mtu anaweza kucheza vizuri mwaka mzima akabaki pale pale, na akiumia miezi michache anaporomoka bila kupoteza mechi hata moja.

Ons aliishi maisha hayo tangu alipokuwa kijana wa miaka 17 hadi alipokuwa mwanamke wa 22 na zaidi. 2016, yule Monica Puig ambaye Ons alimshinda kwenye fainali ya wasichana alichukua dhahabu ya Olimpiki Rio. Svitolina naye alikuwa tayari miongoni mwa wachezaji wakubwa wa dunia. Na Ons? Bado yuko nje ya 100 bora. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu zaidi kuliko kwenye fainali yoyote. Wenzako uliokuwa nao darasa moja wamefika, wewe unapanga foleni ya mchujo kwenye mji ambao huwezi hata kulitamka jina lake, na kesho asubuhi unaamka tena unafunga kamba za viatu.

2017 alishindwa kwenye mchujo wa Roland Garros, akaingizwa baada ya mwingine kujiondoa, akamtoa Dominika Cibulková aliyekuwa miongoni mwa 10 bora, akafika raundi ya tatu. Mwaka huo akaingia 100 bora kwa mara ya kwanza. 2018 Moscow alianzia kwenye mchujo akafika fainali, akafungwa na Daria Kasatkina kwa seti tatu baada ya kushinda ya kwanza. Januari 2020 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kufika robo fainali ya shindano kuu, kule Melbourne. Juni 2021, Birmingham, akashinda taji lake la kwanza, na aliyemfunga fainali ni Kasatkina huyo huyo. Kutoka kombe la wasichana 2011 hadi taji la kwanza la wakubwa 2021 ni miaka kumi kamili.

Nani katika sisi angengoja?

Mei 2022 akachukua Madrid, moja ya mashindano makubwa kabisa baada ya yale makuu manne, na Juni mwaka huo akapanda hadi nafasi ya 2 duniani. Hakuna Mwafrika wala Mwarabu mwanamke aliyewahi kufika hapo. Na nguzo za benchi lake zilikuwa watu wa kwao: kocha Issam Jellali, na mume wake Karim Kamoun akimwandalia mwili. Hakusema ngoja niajiri jina kubwa la Ulaya ndipo nishinde.

Jingine ambalo wengi hawalijui. Ile fainali ya Wimbledon 2022 haikumpa pointi hata moja. Waandaaji waliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita, na vyama vya wachezaji vikajibu kwa kuondoa pointi zote za shindano hilo. Kwa kawaida mshindi wa pili hupata 1,300. Aliumia kama mtu aliyepoteza fainali, na kwenye orodha ikawa kama hakwenda.

Baada ya fainali ya 2023 alishinda taji moja tu jingine, Ningbo, China, Septemba mwaka huo. Goti lilimsumbua, kisha bega. Januari 2024 Mirra Andreeva, mtoto wa miaka 16 aliyesema wazi kwamba Ons ndiye mchezaji anayempenda, alimtandika 6-0, 6-2 Melbourne. Julai 2024 alitolewa Wimbledon raundi ya tatu na Svitolina, na zile pointi 1,300 za mwaka uliotangulia zikayeyuka. Olimpiki ya Paris hakwenda, kwa sababu madaktari walimwambia goti halitastahimili kuhama kutoka nyasi kwenda udongo. Baadaye mwaka huo msimu wake ukaishia mapema kwa sababu ya bega. 2025 alijiondoa katikati ya mechi ya raundi ya kwanza Wimbledon, joto kali, pumzi haipandi. Wiki chache baadaye akasema anapumzika, kwamba kwa muda mrefu hajawa na furaha uwanjani. Kwao wanamwita Waziri wa Furaha, na nilipoisoma taarifa ile nilikaa nayo siku nzima.

Nimemaliza ya kwangu. Sasa aniambie mtu: katika safari yote hii, kushindwa kuko wapi?

Baharia wa Shela

Mwalimu, nimekusoma mwanzo mpaka mwisho na nimefaidika. Sikujua habari ya hoteli wala ya pointi.

Hata hivyo nitakupinga kwa heshima. Fainali huchezwa ili ishindwe. Kuongoza 4-2, kuongoza 3-1, dhidi ya mtu wa nafasi ya 42, na kuondoka mikono mitupu, hiyo ina jina lake na jina hilo si bahati mbaya. Mechi ile niliitazama. Mkono ulikuwa mzito. Mipira yake ya kudondosha nyuma ya wavu, ile iliyompa sifa, ilikuwa inakwama kwenye wavu. Woga ulimwingia, naye mwenyewe hakukataa kwamba shinikizo lilimlemea. Wewe unatuonyesha njia aliyopita, ni njema, lakini mwisho wa njia nao una haki ya kutajwa.

Mtu wa Gede

Naongeza jambo dogo kwenye hoja ya Baharia. Siku ile ya fainali ya 2023 London kulikuwa na upepo mkali hata wakafunga paa la uwanja mkuu. Mimi nimecheza Malindi wakati wa kusi, mnajua Julai huku inavyokuwa, mpira unaupiga uende kona unaishia kwa jirani. Mchezaji wa mikono laini kama Ons, anayekata mipira na kubadilisha mwendo, upepo ni rafiki yake, maana anayepiga kwa nguvu ndiye anayepotea. Paa lilipofungwa, rafiki yake aliachwa nje. Sisemi angeshinda. Vondroušová naye ana mikono laini na alistahili. Nasema tu kwamba mechi ina vitu vingi kuliko woga.

Mtunza Kiwanja

@Baharia, ahsante mzee wangu, na hoja yako nimeipokea. Mkono ulikuwa mzito, kweli. Nami nilikuwa natazama nikasema kwa sauti, "Acha kudondosha, piga ndefu!" Huwezi kusikika huko.

Ila nikurudishe kwa wengine waliopita hapo. Jana Novotná wa Ucheki, fainali ya Wimbledon 1993, aliongoza 4-1 seti ya tatu dhidi ya Steffi Graf, akaporomoka akafungwa 6-4, kisha akalia begani kwa Duchess wa Kent, wa familia ya kifalme ya Uingereza, aliyekuja kumpa zawadi. Watu walisema amekwisha. Akafungwa fainali nyingine pale pale 1997. Mwaka 1998 akalichukua kombe. Kim Clijsters wa Ubelgiji alishindwa fainali zake nne za kwanza za mashindano makuu, na US Open ya 2005 ndiyo iliyomfungulia. Na Clijsters huyo ndiye aliyemkumbatia Ons baada ya kipigo cha 2023. Ons mwenyewe alisimulia.

Laiti Novotná angestaafu baada ya 1997, kahawani leo mngesema "yule wa kulia." Uchezaji wake ungekuwa ule ule, juhudi zile zile, na mechi moja tu ndiyo ingekosekana. Ndiyo maana siwezi kukubali mechi moja imhukumu mtu maisha mazima. Sikatai kwamba alifungwa. Nakataa kwamba hilo ndilo jina lake.

@Mtu wa Gede, la paa umelisema vizuri, na hapa ndipo unapojulikana kwamba umecheza na si kutazama tu.

Kijana wa Maweni

Kaka Mtunza Kiwanja, mimi niliwahi kuokota mipira kwenye hoteli moja huku kwetu nikiwa shule ya msingi. Sitaitaja. Jioni wageni wakimaliza tulikuwa tunaomba tupige mipira kidogo tu, dakika chache kabla giza halijaingia, na tunafukuzwa. Uwanja mtupu, taa zimezimwa, na bado tunafukuzwa. Sasa nikisoma kwamba bingwa wa Afrika alianzia viwanja vya hoteli, nashindwa hata kueleza ninavyojisikia.

Swali langu: pale fainali ya 2023 mshindi wa pili alipata fedha ngapi? Maana ninyi wazee mnabishana juu ya heshima, mimi nauliza mkate.

Na Angella Okutoyi, mchezaji tenisi wetu wa Kenya, je? Yeye yuko wapi kwenye hesabu hii?

Mtunza Kiwanja

Mdogo wangu, pole sana kwa hilo la kufukuzwa. Sikuanzisha uzi huu kwa lingine.

Mwaka 2023 bingwa wa Wimbledon alipata pauni 2,350,000 na mshindi wa pili nusu yake, 1,175,000. Ons alilipwa vizuri siku ile na hakuna anayekataa. Lakini fikiria ni wasichana wangapi waliocheza naye 2011 ambao hawajawahi kuona hata robo ya fedha hizo katika umri wao wote wa kucheza. Mkate wa tenisi uko juu kabisa ya mnazi. Walio katikati ya mnazi wanashikilia tu wasianguke.

Angella Okutoyi ndiye ninayemwombea kila siku. Januari 2022 alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana kwenye shindano kuu, kule Australia, na Julai mwaka huo akashinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mechi iliamuliwa kwa pointi 11-9 za mwisho. Mmoja wa Wakanada wawili walioshindwa nao siku hiyo ni Victoria Mboko. Agosti 2025 Mboko huyo alichukua taji kubwa la Montreal akimfunga Naomi Osaka fainali, akiwa na miaka 18 tu.

Unaona picha inavyojirudia? Puig alimtangulia Ons, Mboko amemtangulia Angella. Angella alikwenda chuo kikuu cha Auburn, Marekani, kusoma na kucheza, na Machi 2024 akarudi na dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Yuko kwenye ile miaka isiyoonyeshwa. Watu wetu wanaanza kuuliza "mbona kimya?" na mimi nawaomba wasiulize hivyo. Ons alipokuwa na umri huo, kimya kilikuwa kikubwa zaidi. Tulishawahi kuwa na Paul Wekesa aliyefika nafasi ya 100 duniani kwa wanaume miaka ya 1990. Kwa hiyo mguu wa Mkenya kufika huko si hadithi.

Mama Watatu

Mimi si mchezaji, ni mzazi. Nina binti wa miaka 9 anayepiga mpira ukutani kila jioni mpaka majirani wanalalamika. Nina mambo mawili, mwalimu.

Moja ni mavazi. Babake hana neno na mchezo, ila hataki avae kisketi. Je, kuna kanuni inayomlazimisha?

La pili ni hili la mimba. Mnaandika kama mtu aliyezikwa. Ametangaza akiwa na miaka 31 tu. Mwanamke akipata mtoto ndio basi?

Mtunza Kiwanja

Dada yangu, ahsante kwa kuingia, uzi ulikuwa wa wanaume watupu.

La mavazi: hakuna kanuni ya kumlazimisha. Hata kwenye ngazi ya juu kabisa, chama cha wachezaji wa kike kilitamka wazi kuanzia msimu wa 2019 kwamba mchezaji anaweza kuvaa suruali ya kubana bila sketi juu yake. Kwa umri wa binti yako, suruali nyepesi isiyomkwaza, fulana ya mikono mirefu na kilemba kilichofungwa vizuri kisilegee vinatosha. Jua letu la saa nane lenyewe linataka mwili ufunikwe. Nimefundisha mabinti wamevaa hivyo na hawakupungukiwa kitu.

La pili umenigusa, na nakuunga mkono kabisa. Hajazikwa. Angalia waliomzunguka. Clijsters niliyemtaja alistaafu, akazaa, akarudi, na 2009 akachukua US Open akiwa ameingia kwa nafasi ya upendeleo, hata namba kwenye orodha hana. Svitolina alijifungua Oktoba 2022, na Julai 2023 alikuwa nusu fainali ya Wimbledon baada ya kumtoa Świątek. Na aliyecheza na Ons nusu fainali ya Wimbledon 2022 alikuwa nani? Tatjana Maria wa Ujerumani, rafiki yake mkubwa, mama wa watoto wawili. Ons alipomshinda alimvuta arudi katikati ya uwanja ashangiliwe naye. Maria huyo, Juni 2025, akiwa na miaka 37, alianzia kwenye mchujo wa Queen's, London, akalibeba kombe.

Kanuni nazo zimebadilika. Mchezaji aliyejifungua hulindiwa nafasi yake kwenye orodha, anaporudi anaweza kuitumia kuingia mashindano bila kuanza upya kule chini. Na Machi 2025 chama kilitangaza mfuko wa kuwalipa wachezaji likizo ya uzazi hadi miezi 12. Katika mchezo usio na mshahara, hilo ni jambo kubwa sana. Clijsters hakuwa nalo.

Baharia wa Shela

La Maria limenishinda, nakiri. Miaka 37!

Basi mimi nabaki na sehemu yangu ndogo: fainali zile zilikuwa zake na alizipoteza. Lakini neno "alishindwa" kahawani sitalitumia tena kwake, na nikilisikia nitasema nilichosoma hapa. Sasa twende kwenye jambo la kijana wa Maweni, maana ndilo la kwetu. Hivi viwanja vya hoteli, vinafanywa nini? Mimi naona hoteli zenyewe nyingi zinafungwa masika.

Mtunza Kiwanja

Mzee, hapo ndipo nilipotaka tufike.

Kuanzia Aprili hadi Juni wageni wa Italia wamerudi kwao. Hoteli nyingine zinafunga kabisa, nyingine zinabaki na walinzi na watu wa bustani. Uwanja unalala. Mistari inafifia, majani yanaota kwenye nyufa, wavu unaoza kwa chumvi. Novemba watu wanakimbizana kuutengeneza kabla wageni hawajarudi. Uwanja unaochezwa hauharibiki hivyo. Unafagiwa, unamwagiwa maji, nyufa zinaonekana mapema.

Tunisia walifanyaje? Monastir, kilomita chache kutoka Sousse, viwanja vya hoteli vimekuwa vikiandaa mashindano madogo ya kimataifa, yale ya daraja la chini kabisa, wiki baada ya wiki, karibu mwaka mzima. Wachezaji vijana kutoka kila bara wanakuja, wanalala hotelini, wanalipia vyumba, wanatafuta pointi zao za kwanza. Hoteli inapata wageni msimu ambao ingekuwa tupu, na watoto wa mji wanaona tenisi ya kweli mlangoni mwao, tena baadhi wanaingizwa kucheza kama wenyeji. Sisi tuna uwanja wa ndege mjini, vyumba tupu, na viwanja vinavyolala.

Sisemi tuanze na mashindano ya kimataifa. Hayo yanataka waamuzi, idhini ya chama cha taifa, na fedha za zawadi. Tuanze na mlango. Nimezungumza na meneja mmoja, mtu muelewa, amekubali watoto waingie Jumamosi asubuhi masika yote, kwa sharti kwamba kuna mtu mzima anayewajibika na uwanja unaachwa safi. Mtu mzima nitakuwa mimi. Ninachohitaji ni mwenzangu mmoja anayejua angalau kuhesabu pointi, maana watoto wakizidi, mmoja hatoshi.

Mtu wa Gede

Niandike mimi. Jumamosi sina kazi asubuhi. Nina raketi kuukuu kadhaa, mbili zimekatika nyuzi, lakini fremu nzima.

Kijana wa Maweni

Na mimi. Nitaokota mipira ikibidi.

Mtunza Kiwanja

@Kijana wa Maweni, hapana, wewe utacheza. Watoto watajifunza kuokota wenyewe, ni sehemu ya mazoezi.

@Mtu wa Gede, leta hata zilizokatika, nyuzi nitafunga mwenyewe. Kwa watoto wadogo nitazilegeza kidogo zisiwaumize viwiko.

Mama Watatu

Binti yangu aje na nini? Na je, nikikaa pembeni nitazame, wataniruhusu?

Mtunza Kiwanja

Aje na viatu vya soli bapa visivyo na meno, chupa ya maji, na kofia ikiwa kilemba hakimkingi macho. Raketi tutampa. Tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, tunamaliza saa tatu. Mvua ikinyesha hatuchezi, uwanja ukilowa unateleza. Wewe kaa, dada, na ukiweza njoo na mama mwingine, maana meneja akiona wazazi wapo anatulia. Nitakuandikia pembeni jina la hoteli na lango la kuingilia.